Kati ya Kauli na Kitendo: Kazi ya Maabara ya Saikolojia ya Jamii

Hotuba iliyotolewa Mbarara mbele ya walimu wa Kiswahili, wakalimani na viongozi wa jamii

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliosafiri kutoka Isingiro, viongozi wa jamii za wakimbizi wa Nakivale, na ninyi wakalimani ambao katika mikutano ya namna hii mnasikika sana lakini hamtajwi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nieleze kazi inayofanywa na maabara ya saikolojia ya jamii katika chuo kikuu. Ni ombi la haki kabisa, kwa kuwa wengi mliomo humu mmekwisha kukutana na kazi hiyo mlangoni kwenu bila ya kuelezwa lolote la maana. Alikuja kijana mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, akatambulishwa na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la eneo, akauliza maswali kwa muda wa saa nzima, akaacha mche wa sabuni, akaenda zake. Kijana yule alitumwa, na leo nazungumza nikiwa mmoja wa wale wanaomtuma.

Maabara yenyewe, kwa atakayependa kuitembelea, haina cha kumstaajabisha mgeni. Utakuta kompyuta kadhaa, meza ndefu ambapo wasaidizi wa utafiti hufundishwa kuuliza maswali bila ya kukunja uso wasikiapo majibu, na kabati la chuma lenye kufuli ambamo fomu za ridhaa hutunzwa mbali na majibu, ili asiwepo mtu wa kuunganisha jina na kauli. Tunachunguza jinsi mawazo, hisia na matendo ya mtu yanavyogeuzwa na watu wengine, wawe wameketi mbele yake au wawe wamo kichwani mwake tu. Hatutibu wagonjwa, ingawa kila mwaka huja mtu akitutaka tumtibu ndugu yake, nasi humwelekeza panapostahili.

Ninalotaka kulitetea leo ni jambo moja. Katika mengi yanayotusumbua, kuanzia mume kumpiga mkewe hadi mwenyeji kumdharau jirani mgeni, mara nyingi mtu hatendi kwa kufuata anachokiamini, bali hutenda kwa kufuata anachodhani wenzake wanakitarajia. Ikiwa ndivyo, basi kuwahubiria watu wabadili imani zao, huku tukiacha dhana yao kuhusu wenzao kama ilivyo, ni kupiga mbizi nchi kavu. Dai hili halitoshi kulisema tu. Lazima lipimwe kwa njia ambayo hata asiyelipenda jibu atalazimika kulikubali, na hiyo ndiyo kazi ya maabara.

Mwaka 1951 Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi Marekani, alichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wetu hulisoma. Vijana waliketishwa chumbani wakaonyeshwa mstari mmoja, kisha wakaulizwa ni upi kati ya mistari mingine mitatu uliolingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Hata hivyo wote waliokuwamo, isipokuwa kijana mmoja, walikuwa wamepangwa na mtafiti, na katika zamu fulani walitaja kwa sauti mstari usiokuwa sahihi. Takriban theluthi moja ya majibu ya kijana yule asiyejua mpango ilifuata kosa la wengi. Wengi hukumbuka sehemu hiyo wakasahau ile ambayo kwangu ina uzito zaidi: alipoongezwa mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Baadaye, mwaka 1996, Rod Bond na Peter Smith walikusanya majaribio 133 ya aina hiyo kutoka nchi 17, wakaona kwamba kufuata wengi kuna nguvu zaidi katika jamii zinazotanguliza kundi kuliko zile zinazotanguliza mtu binafsi. Tusifanye haraka kuona haya kwa hilo, kwa kuwa mtu anayewasikiliza wenzake si lazima awe mwoga.

Tuje nyumbani. Mwaka 2005 James Habyarimana, Macartan Humphreys, Daniel Posner na Jeremy Weinstein, ambao ni wataalamu wa uchumi na siasa lakini walitumia mbinu zetu, walifanya majaribio Kampala, upande wa Mulago na Kyebando, pamoja na wakazi wapatao 300 wa makabila mbalimbali. Walitaka kujua kwa nini mitaa yenye makabila mengi huona ugumu wa kushirikiana katika mambo ya wote. Jibu la barazani ni rahisi: watu huwapenda wa kabila lao. Katika mchezo mmojawapo mshiriki alipewa fedha azigawe apendavyo kati yake na watu wengine aliowaona kwenye skrini. Alipokuwa na hakika kwamba hakuna atakayejua ni nani aliyetoa, hakuwapendelea wa kabila lake. Alipojua kwamba anaonekana, mambo yaligeuka: wale waliokuwa wachoyo sirini ndio walioanza kuwa wakarimu, tena ukarimu wao ukaelekea kwa watu wa kabila lao. Hawakusukumwa na mapenzi, bali na kanuni isiyoandikwa kwamba wa kwenu ukimnyima, ipo siku utaulizwa. Ninaona tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana anayetaka kurekebisha mapenzi atafanya kazi moja, na anayetaka kuweka kanuni ya uwajibikaji inayovuka mipaka ya kabila atafanya kazi nyingine kabisa.

Jaribio ninalolipa muda mrefu zaidi darasani lilifanyika ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda. Mwaka 2004 redio ya huko ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Musekeweya, unaohusu jamii mbili jirani zinazofikishwa kwenye uhasama na viongozi wao, na watu wa kawaida wanaokataa kufuata. Elizabeth Levy Paluck, mtafiti wa Marekani, aliyagawa makundi ya wasikilizaji kwa kura, yaani kwa bahati nasibu: mengine yalisikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, na mengine yalisikiliza mchezo mwingine wa redio unaohusu afya. Miongoni mwao walikuwamo manusura wa mauaji ya kimbari, wafungwa, na wananchi wa kawaida. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 2009, yaliwashangaza waliotarajia ama ushindi ama kushindwa. Imani binafsi za wasikilizaji hazikusogea kwa kiasi cha kujivunia. Mafundisho ya mchezo kuhusu chanzo cha chuki hayakuwaingia. Kilichobadilika ni dhana yao kuhusu yaliyo ya kawaida na yanayostahili katika jamii yao: kuoana baina ya jamii, kuaminiana, kusema waziwazi unapopingana na wenzako.

Kisha likafuata jambo ambalo ndilo hasa linanifanya niliheshimu jaribio lile. Mwisho wa mwaka kila kundi lilipewa zawadi ya redio ya kaseti pamoja na kanda za vipindi, likaachiwa liamue lenyewe zitatunzwaje, huku watafiti wakiandika yaliyosemwa. Makundi yaliyosikiliza mchezo wa afya kwa kawaida yaliafikiana upesi kwamba zikabidhiwe kiongozi wa eneo, basi, kikao kikafungwa. Makundi yaliyosikiliza mchezo wa maridhiano yalibishana zaidi, watu wakapingana mbele ya kiongozi, na mara nyingi yakaishia kuamua kwamba kundi lenyewe litazitunza kwa pamoja. Hakuna swali la kwenye karatasi ambalo lingetupa habari hiyo. Mngewauliza watu wale wale iwapo wanaamini katika kushirikiana, wote wangesema ndiyo.

Hapa Uganda kuna ushahidi unaokwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 2016 Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walifanya jaribio katika vijiji 112, ambako watu walikaribishwa kutazama filamu bure katika vibanda vya video, na katikati ya filamu kubwa wakaonyeshwa michezo mifupi kama matangazo. Katika baadhi ya vijiji, vilivyoteuliwa kwa kura, michezo hiyo ilihusu wanawake wanaopigwa majumbani na madhara ya ndugu na majirani kunyamaza. Katika vingine ilihusu mambo tofauti. Miezi kadhaa baadaye watafiti walirudi. Maoni kuhusu uhalali wa kumpiga mke hayakuwa yamebadilika sana, lakini utayari wa wanawake kutoa taarifa ulikuwa umepanda, kwa kuwa hofu ya kuitwa mmbea ilikuwa imepungua, na visa vya ukatili vilikuwa vimeshuka katika nyumba za vijiji hivyo.

Mradi wa SASA!, wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ulipimwa kati ya mwaka 2007 na 2012 katika jamii 8 za Rubaga na Makindye. Nne zilipata mradi na nne zikasubiri. Ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika jamii zilizopata mradi watu wachache zaidi walikubali ukatili dhidi ya mwenzi, na kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa takriban 52% kikilinganishwa na kile cha jamii zilizosubiri. Asilimia hiyo hupendwa sana kwenye semina. Mtu wa maabara hana budi kuongeza kwamba jamii 8 ni chache mno, kwa hiyo makisio yana mawanda mapana kiasi kwamba hesabu yenyewe haikuweza kuondoa kabisa uwezekano wa bahati. Ninausifu mradi ule, na bado nalisema hilo hadharani.

Sasa niwaonyeshe kwa karibu jinsi tunavyouliza jambo ambalo watu hawataki kulisema. Chukueni swali hili: je, mwaka huu umempiga mke wako? Mwanamume anaulizwa chini ya mwembe, watoto wamezunguka, mwenyekiti wa LC ameketi hatua chache kando kwa sababu ndiye aliyetuleta na adabu hairuhusu tumfukuze. Jibu tutakalolipata tunalijua kabla hatujauliza. Kwa hiyo tunawagawa washiriki mafungu mawili kwa kura. Fungu la kwanza husomewa kauli nne zisizo na ubaya: mwaka huu nimesafiri kwenda Kampala, nimenunua mbuzi, nimehudhuria mazishi, nimebadili namba ya simu. Fungu la pili husomewa hizo hizo nne pamoja na ya tano, kwamba nimempiga mke wangu. Mshiriki hasemi ni kauli zipi zinazomhusu. Kwa kila inayomhusu hutia punje moja ya mahindi ndani ya mkebe alioushika nyuma ya mgongo wake, kisha hututajia idadi tu. Tuseme wastani wa fungu la kwanza ni 2.1 na wa fungu la pili ni 2.4. Kwa kuwa mafungu yaligawanywa kwa kura na yanafanana kwa mengine yote, tofauti ya 0.3 inatokana na kauli ya tano, na tunakadiria kwamba wanaume 30 katika kila 100 wamefanya jambo hilo, bila ya kumjua hata mmoja wao.

Mbinu hii ina masharti yake. Kauli zile nne lazima zichaguliwe kwa akili, kwa sababu mtu ambaye zote tano zinamhusu atakuwa amejianika, na makisio huyumba sana ikiwa washiriki ni wachache. Hata hivyo inatupa njia ya kulipima pengo kati ya yasemwayo hadharani na yaliyopo, na pengo lenyewe huwa ni matokeo. Katika kijiji ambacho wanaume hukana kitendo mbele ya watu huku mkebe ukisema vingine, maana yake ni kwamba tayari kuna aibu, na aibu ni kitu cha kujengea.

Nimefika kwa wakalimani. Lugha ya mahojiano si chombo cha kupitishia maneno tu. Mwaka 2010 watafiti Oludamini Ogunnaike, Yarrow Dunham na Mahzarin Banaji walichapisha uchunguzi uliofanywa Morocco kwa watu wanaojua Kiarabu na Kifaransa, wakaonyesha kwamba upendeleo wa haraka, ule usiopitia fikira, ulitofautiana kulingana na lugha iliyotumika kuupima, ingawa mtu alikuwa ni yule yule. Sisi Waganda na Wanyankole, Waacholi na Walugbara, tuna sababu ya kulielewa hilo zaidi ya wengi. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na shuleni vijana wanakipokea vizuri, lakini wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili mlangoni hukumbuka kwanza askari, sare zao na bunduki zao. Mzee wa namna hiyo atajibu kwa kifupi na kwa adabu iliyozidi. Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 na yenye watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, Kiswahili hicho hicho ndicho kinachomfanya mama kutoka Kivu avute kiti. Kwa hiyo tukilinganisha majibu ya wenyeji na ya wakimbizi bila kuandika ni lugha gani iliyotumika na nani aliyeuliza, huenda tukawa tunapima lugha tukidhani tunapima chuki. Mkalimani katika kazi hii ni sehemu ya kipimo, na anastahili kulipwa na kufundishwa kama sehemu ya kipimo. Nasikitika kusema kwamba katika bajeti nyingi za utafiti bado amewekwa pamoja na mafuta ya gari.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko ile ya kupima vibaya, nayo ni kuhukumu bila ya kupima. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi na Waik wa milima ya Karamoja, wakati ambao njaa ilikuwa kali, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 aliwachora kuwa watu wasio na huruma hata kwa wazazi na watoto wao. Picha hiyo ilizunguka dunia. Wataalamu walioijua lugha yao waliipinga mapema, lakini pingamizi halikwenda mbali kama kitabu. Mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake walichapisha matokeo ya kuishi nao na ya mchezo wa kugawana unaofanana na ule wa Mulago, wakakuta kwamba kwa ukarimu Waik hawakuwa nyuma ya watu wengine duniani. Alichokiona Turnbull kilikuwa ni njaa, akakiita tabia ya kabila. Kabila zima limebeba sifa hiyo kwa takriban nusu karne kwa sababu hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Wala tusidhani kwamba walioendelea wamesalimika. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliikumbusha dunia kwamba watu 96 katika kila 100 wanaochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina takriban 12% tu ya watu wa dunia. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa. Ni takriban 36% tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, na tawi letu la saikolojia ya jamii lilikuwa na hali mbaya kuliko wenzetu wanaochunguza kumbukumbu na utambuzi. Tangu hapo maabara makini hujifunga mapema: kabla ya kwenda kijijini tunaandika tunatarajia nini, tutawahoji wangapi na tutafanya hesabu ipi, tukaliweka andiko hilo kwenye hifadhi ya wazi yenye tarehe, ili baadaye tusije tukachagua jibu linalopendeza na kudai kwamba ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya kikao ni nani anayetupa ruhusa. Kila utafiti hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, kisha husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwenye makazi ya wakimbizi huhitaji pia idhini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo karatasi zote hizo haziondoi wajibu wa kumwambia mtu aliyeketi kwenye benchi, kwa lugha yake, kwamba anaweza kukataa, kwamba anaweza kuacha katikati, na kwamba sabuni ataipata vyovyote vile. Hilo la sabuni nalisisitiza, kwa kuwa mama asiye na sabuni nyumbani hawezi kusemwa ana hiari kamili ikiwa anadhani mche unategemea jibu la mwisho.

Kurudisha matokeo ndiko tulikodorora. Makala huandikwa kwa Kiingereza, hulipiwa ili zisomwe, na kijiji kilichotoa majibu hakioni hata ukurasa mmoja. Sioni udhuru wa maana wa jambo hili. Katika utafiti unaofuata, unaohusu jinsi wenyeji wa Isingiro na wakimbizi wanavyodhaniana, tumetenga fedha na siku za kurudi kila tulikohoji, na ripoti itasomwa kwa Kiswahili na kwa Runyankole kabla haijapelekwa kwenye jarida.

Kwa sababu hiyo nimekuja na dodoso lenyewe likiwa bado rasimu. Nakala ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na kalamu. Naomba kila mmoja achukue moja, aisome kama vile ameketi mbele ya jirani yake, na aandike pembeni kila palipo na swali litakalochekesha, swali litakaloudhi, au swali ambalo mtu wa kwenu asingelijibu mwenyekiti wa LC akiwa karibu. Tutaanza na ukurasa wa tatu, penye maswali kuhusu ardhi na maji, kwa kuwa hapo ndipo wasaidizi wangu wenyewe wanapobishana.